Sikio Bichi, Sikio Kavu

Wiki niliyostaafu na kukabidhi funguo za kliniki, kijana mmoja wa kitengo chetu aliniuliza ni jambo gani moja ningependa alikumbuke kutoka kwangu. Nilimwambia asimwamini mtu anayejibu swali kama hilo kwa sentensi moja. Akacheka, akadhani ni mzaha.

Basi jibu refu ndilo hili. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu wenzangu wa Unguja na Tanga, niliosoma nao kozi ya upasuaji wa masikio, waliniomba. Sababu ya pili ni bibi yangu wa Marodoka, kule kisiwani Nosy Be, Madagaska. Alikuwa na maneno ya lugha hii ya sala, ya biashara na ya bahari tu, nami tangu utotoni nikataka kujua maneno yaliyobaki yalikwenda wapi. Mazungumzo mtakayoyasoma yalikuwa kwa Kimalagasi, na kwa Kifaransa pale watu walipotaka kugombana kwa heshima.

Ya vyeo siandiki. Ya mishahara pia siandiki, maana hata wakati ule hayakuchukua nafasi kubwa.

Siku yangu ya kwanza hospitalini Mahajanga, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilifika na shahada, koti jeupe jipya, na maswali mengi kuliko wagonjwa. Mkuu wa kitengo cha masikio alikuwa Daktari Ravelo, mtu mfupi kutoka nyanda za juu, ambaye alikuwa ameishi Mahajanga miaka mingi na bado kila asubuhi alilishangaa joto la mji ule. Kichwani alifunga kioo cha duara chenye tundu katikati, cha kuelekezea mwanga ndani ya sikio. Mara nyingi alikisahau hapo kwenye paji la uso akaenda nacho sokoni. Wauza samaki walimwita awachungulie samaki wao, na yeye aliinama akawachungulia kweli.

Siku ile hakunipa mgonjwa. Alinipa mkebe wa nyaya nyembamba na bunda la pamba.

"Sokota," akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka pamba isitoke kwenye waya hata ukiivuta kwa meno. Ikibaki sikioni mwa mtu, utakuwa umemwongezea ugonjwa."

Nilisokota asubuhi nzima, huku foleni ya wanawake waliopaka uso masonjoany, ile poda ya manjano ya mti, ikiniangalia kama watu wanaotazama mchezo usio na tiketi. Mchana Ravelo akavuta pamba zangu kwa meno, moja baada ya nyingine. Chache zilibaki. Hizo akaziweka kando akasema, "Kesho utagusa sikio."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kazi yetu ilikuwa zaidi hiyo pamba. Wagonjwa wengi walikuja na kile tulichokiita sikio bichi: sikio linalotoa usaha kwa miezi, wakati mwingine miaka, kupitia tundu kwenye kiwambo cha sikio. Ukichungulia sikio bichi huoni ila ubichi wenyewe. Ravelo alikuwa akisema, "Kausha kwanza, ndipo udai kwamba umeona kitu." Baada ya kukausha tulitia matone ya dawa ya kuua vijidudu, tukampa mtu kichupa aende nacho nyumbani, tukamwita anayefuata.

Hapo ndipo ugomvi wangu na Ravelo ulipoanzia, na lazima niwaeleze nyumba ya sikio ilivyo, hasa nyinyi mnaoanza. Fikirini vyumba vitatu. Cha kwanza ni ule ushoroba unaoingia kutoka nje, na mwisho wake ndio kiwambo. Nyuma ya kiwambo kuna kijichumba cha hewa, sikio la kati. Kwenye ukuta wa nyuma wa kijichumba hicho ndipo linapoanza sikio la ndani, lenye majimaji na vijinywele vya kusikia, na pia kiungo kinachotuwezesha kusimama bila kuyumba. Ukuta huo una kidirisha cha mviringo kilichozibwa kwa utando tu. Kiwambo kikitoboka, dawa unayoitia nje inaingia hadi kijichumbani na kukaa mbele ya kidirisha hicho. Swali ni nini kinapita.

Nikiwa chuo kikuu nilisoma kwenye jarida moja kwamba dawa za ukoo ule ule tuliokuwa tukiutia kila siku ziliua usikivu wa wanyama wa maabara zilipowekwa kwenye sikio la kati. Nilimpelekea Ravelo habari hiyo akiwa ananawa mikono.

"Daktari, dawa hii inawafanya panya kuwa viziwi."

"Panya gani?"

"Wa maabara."

"Hapa kliniki umewahi kumwita panya kwenye foleni?"

"Hapana."

"Mimi naitia dawa hii tangu wewe hujui kusoma. Nionyeshe mtu mmoja aliyeingia mlango ule anasikia akatoka hasikii."

"Sina. Ndiyo maana nauliza. Kwa nini panya adhurike na mtu asidhurike?"

Ravelo akavua kioo kichwani, jambo alilolifanya alipokasirika au alipofikiri, na ilikuwa vigumu kujua ni lipi kati ya mawili. "Utando wa panya ni mwembamba kama ganda la kitunguu," akasema. "Wa mtu ni mnene zaidi. Na wa mtu mwenye sikio bichi la miaka umevimba, umekuwa mnene maradufu, na juu yake umefunikwa na usaha na makamasi. Dawa inafika dirishani, ndani haiingii, au inaingia kidogo sana."

"Na sikio likikauka?"

"Likikauka amepona. Mwite anayefuata."

Nilimwita anayefuata. Lakini swali lile nililibeba kama kijiwe ndani ya kiatu.

Miaka ya themanini ilipoanza nilihamishiwa Nosy Be, hospitali ndogo ya Hell-Ville, karibu na kwetu. Mashine ya kupimia usikivu ilikuwepo, lakini unyevu ulikuwa umeshaila, na ilitoa sauti moja tu, bila kujali umebonyeza nini. Nilikuwa na nyaya zangu, pamba, ule uma wa chuma unaolia ukiugonga, na muuguzi mmoja aliyeitwa Soa, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, aliyewajua watu wote wa kisiwa na magonjwa ya bibi zao.

Wagonjwa wangu wakubwa walikuwa wazamiaji wa Ambanoro. Walishuka kwa pumzi zao wenyewe kuokota majongoo ya bahari, ambayo wafanyabiashara waliyakausha na kuyasafirisha mbali, kwa watu wanaoyala kwa hiari. Kila anayezama haraka na mafua puani anajaribu bahati ya kiwambo chake. Ambanoro ilikuwa na kizazi kizima cha viwambo vilivyotoboka.

Mmoja wao alikuwa Jaozafy. Alikuwa na sikio moja tu la kusikilizia. La kushoto lilikufa utotoni, alipougua matubwitubwi. Hilo la kulia, lililobaki, ndilo lililokuwa na tundu, na ndilo lililokuwa bichi. Hakuwa mtu wa kusikitika. Aliniambia kwamba usiku, mkewe Zaina akianza kuhesabu makosa yake, yeye hugeuka akalalia sikio linalosikia, na ndoa inaendelea vizuri. Baharini alipata riziki, lakini jina alilipata kwa kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma. Hakuna harusi iliyofungwa Ambanoro bila kodiani ya Jaozafy, na vidole vyake vilipenda vile vitufe vya juu kabisa, vyenye sauti nyembamba, ambavyo wapigaji wengine huvikwepa.

Mara ya kwanza nilimkausha, nikampa kichupa cha matone, akapona. Baadaye akarudi akitembea miguu imepanuka, kama mtu aliyeshuka chomboni sasa hivi. Nikachungulia sikio: kavu, safi, tundu lenye ukingo mzuri. Lilikuwa sikio zuri kuliko yote niliyoyaona wiki ile. Nikamwambia ni uchovu. Akaenda. Akarudi tena sikio likiwa limechafuka, linanuka, na yeye amesimama imara kama nguzo.

Zaina ndiye aliyeona kilichokuwa kikinipita. "Dokotera," akasema, "wewe ndiye uliyesoma, niambie. Mume wangu sikio likioza, yeye mzima. Sikio likipona, anaangukia sufuria zangu. Nimwombee lipi?"

Soa alicheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka, maana kile kijiwe kilikuwa kimegeuka kiatuni.

"Sikio likiwa kavu," nikamuuliza Jaozafy, "unatia nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Yako."

Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya sokoni. Babu zao walikuwa na desturi ya kutia mafuta ya nazi ya vuguvugu sikioni kabla ya kuzama, ili bahari isiingie. Mafuta yalichuruzika, na hayakumzuia mtu kupata usaha. Vichupa vyangu vilipofika kijijini, vikachukua nafasi ya mafuta. Kila asubuhi, kabla ya kuruka majini, kichupa kilizunguka mkono hadi mkono kama tumbaku, kila mtu akainamisha kichwa. Aliyeishiwa alikuja kwangu kulalamika usaha ambao hakuwa nao.

"Dawa si ndiyo iliyokausha?" akauliza. "Basi ibaki humo ilinde."

Sikuweza kuona kosa katika mantiki hiyo, isipokuwa moja: mlango ulikuwa umebadilika. Sikio lilipokuwa bichi, utando wa dirisha ulikuwa mnene na umefunikwa. Lilipokauka, uvimbe ulishuka, usaha ukaondoka, na dawa ikawa inakaa kila siku juu ya utando mtupu. Tena kwa mtu mwenye sikio moja.

Nilitaka kujua kama tayari amepoteza kitu. Mashine ilikuwa imekufa. Uma wa chuma unapima sauti nene, na dawa za ukoo ule huanza kula sauti nyembamba. Nilikuwa nimekaa nikiitazama mashine kwa chuki, Soa akifunga pamba, nikasema, "Mwambie kesho aje na kodiani."

"Ana harusi hapa?"

"Ana mtihani."

Kesho yake tukamketisha Jaozafy kwenye benchi, uso ukitazama ukuta. Soa alisimama nyuma ya pazia na kodiani, akabonyeza kitufe kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu, kwa upole ule ule. Makubaliano yalikuwa kwamba kila akisikia anyanyue mkono. Foleni yote ilikuja dirishani kutazama.

Sauti nene, mkono juu. Za katikati, mkono juu, na bega nalo likaanza kucheza. Tukapanda. Mkono ukawa unachelewa. Soa akabonyeza kitufe kinachofuata, kikalia wazi kabisa, mtoto mmoja dirishani akaziba masikio. Mkono wa Jaozafy ukabaki pajani. Kingine. Pajani. Soa akanitazama, kidole bado kiko kwenye kitufe, sauti ile nyembamba ikiendelea kulia chumbani.

Jaozafy akageuza kichwa kidogo. "Mmepumzika?" akauliza.

Zaina alikuwa mlangoni, na ndiye aliyemjibu, kwa sauti ya kawaida aliyoisikia vizuri: "Hapana, baba. Hawajapumzika."

Nikamkataza matone siku hiyo hiyo. Nilidhani hilo lingekuwa jepesi. Jaozafy alikasirika kuliko nilivyomwona kabla.

"Bila dawa, nikizama linachafuka," akasema. "Nisipozama, hatuli. Nikizama na dawa, unasema nitakuwa kiziwi kama gogo. Chagua wewe, dokotera, maana naona masikio yangu yamekuwa yako."

Alikuwa na haki. Usaha wa miaka nao huharibu sikio la ndani. Sumu za vijidudu zinajua njia ya dirisha lile lile. Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki: kuziba tundu lenyewe. Hilo lilihitaji darubini ya upasuaji na mikono ya Ravelo, na vyote viwili vilikuwa Mahajanga.

Tukapanda meli ndogo, mimi, Jaozafy, Zaina na kodiani, ambayo mwenyewe alikataa kuiacha. Kwa sababu ya dawa alikuwa anayumba tayari, kwa hiyo njia nzima yeye peke yake hakuona kwamba bahari ilichafuka.

Ravelo alinisikiliza kioo kikiwa kichwani. "Daktari," nikasema, "huyu hapa. Yule mtu mmoja uliyenidai."

Akachungulia sikio. Akamwuliza Zaina habari za sufuria. Halafu akamwomba Soa wa pale kwake, yaani muuguzi wake, alete kodiani, akabonyeza vitufe mwenyewe, vibaya sana, mpaka Jaozafy akamwomba asikilize sauti tu asitafute wimbo. Alipofika juu na mkono haukunyanyuka, Ravelo akavua kioo.

"Miaka yote hii," akasema.

"Wagonjwa wako wengi hawakudhurika, daktari. Hilo ulisema kweli."

"Wagonjwa wangu niliwaona wakiwa wabichi. Aliyekauka anarudi kufanya nini kwangu?" Akakigeuza kioo mkononi. "Nilikuwa nikihesabu nusu ya watu." Kisha akanitazama kwa ukali. "Usisimame hapo kama umeshinda kitu. Nenda ukasokote pamba. Kesho tunaziba."

Nilisokota, na nilizivuta kwa meno mwenyewe.

Ravelo alichukua kipande cha ngozi nyembamba inayofunika msuli juu ya sikio, akakilaza chini ya tundu kama fundi anayeweka kiraka kwa ndani ili kisionekane. Niliruhusiwa kuangalia kwenye darubini mara moja. Kabla hajafunga, akaniambia nitazame chini, nyuma. Nikaliona lile dirisha, au kwa usahihi, pembe moja ya utando wake. Kitu kidogo kuliko punje ya mtama, kilichonigombanisha na kila mtu.

"Limenenepa?" akaniuliza.

"Hapana. Ni jembamba."

"Andika hivyo akilini," akasema, "na umwambie kila atakayekuja baada yako."

Kwa hiyo nawaambia. Lakini msiligeuze kuwa sheria ya ukutani. Uvimbe ukiwa mpya, siku za mwanzo, utando unaweza kuvujisha zaidi kuliko ukiwa mzima. Ni ule uvimbe uliokaa ndio unaounenepesha na kuufunga. Baadaye unaweza kurudi kuwa mwembamba. Watu nao hawafanani, na panya si mtu, na Jaozafy mmoja si watu wote. Kila mnapotaka kutia kitu sikioni, jiulizeni sikio hilo likoje leo, si lilikuwaje mlipoandika dawa.

Kiraka kilishika. Jaozafy alikaa Mahajanga kwa jamaa zake mpaka Ravelo aliporidhika, akicheza kodiani kwenye baraza hadi majirani wakaomba apone haraka. Kizunguzungu kilipungua polepole. Vitufe vya juu havikurudi. Vijinywele vya sikio la ndani vikifa, vimekufa. Mazungumzo ya watu aliyasikia yote, pamoja na yale ya Zaina, na hakuwa tena na kisingizio. Kuzamia aliacha. Akawa mchemshaji na mkaushaji wa majongoo kwa wengine, kazi yenye harufu mbaya isiyodai masikio.

Mimi na Soa tulibadilisha utaratibu wetu. Mgonjwa aliyekauka alitakiwa kurudi mara moja zaidi, akiwa hana shida yoyote, na arudi na kichupa. Hakuna kitu kigumu kumweleza mtu kama kumwambia afunge safari kwa kuwa amepona. Soa ndiye aliyepata njia. Alitangaza Ambanoro kwamba asiyerudisha kichupa atapimwa masikio kwa kodiani ikipigwa na dokotera mwenyewe. Vichupa vikarudi. Miaka ikapita, nikarudishwa Mahajanga, zikaja dawa za ukoo mwingine zisizokuwa na ubaya huo, na mashine mpya za kupimia zisizokufa kwa unyevu, au zinazokufa kwa heshima zaidi. Hata hivyo, mpaka siku ya mwisho niliwaambia wagonjwa warudi wakiwa wakavu. Vijana wa kitengo waliniuliza kwa nini, jambo lililonifurahisha sana.

Ravelo alistaafu kabla yangu, na aliondoka na kioo kichwani. Hakuna aliyemkumbusha.

Na mwezi uliopita, siku chache baada ya kukabidhi funguo, simu ililia. Namba ya Nosy Be. Nikapaza sauti, kama tunavyofanya wote tuliozoea kusema na wenye masikio mabovu.

"Allo! Nani mwenzangu?"

"Usipige kelele, dokotera. Nasikia."

Alikuwa Jaozafy, mzee sasa, na simu aliiweka kwenye sikio lile lile. Zaina nyuma yake alikuwa anamwelekeza la kusema. Walikuwa wamepata habari kwamba nimestaafu. Alisema bado anacheza harusini. Vitufe vya juu anavipiga kwa kumbukumbu ya vidole, na watu wanasema anavipiga zaidi kuliko zamani, kwa vile mwenyewe hasikii kwamba vimezidi.

"Subiri," akasema. "Nikupigie zawadi yako."

Nikasikia simu ikiwekwa mezani, kodiani ikavuta pumzi. Wimbo ukaanza chini, ukapanda katikati, bega langu likaanza kucheza jikoni kwangu. Ukaendelea kupanda. Halafu kukawa kimya. Nikangoja. Kimya kikaendelea.

"Jaozafy," nikasema, "mmepumzika?"

Upande wa pili nikamsikia Zaina akipiga kelele ya furaha, kisha akimrudia mumewe maneno yangu, kisha wote wawili wakicheka mpaka simu ikaanguka.

Nililaumu simu. Simu hazibebi sauti nyembamba vizuri, hilo linajulikana. Mashine ya kupimia iko kliniki, hatua chache kutoka nyumbani kwangu, na vijana wananikaribisha kila siku. Mimi niliyehoji kila kitu maisha yangu yote, hilo moja bado sijalihoji.